Kabambare: Pochi ya kripto si yako kama maneno yake yako kwa mwingine

Mama mmoja anayeuza vitenge hapa Kabambare alinifikia na mashini yake ndogo ndani ya mfuko wa plastiki. Aliiweka juu ya meza, akasema: "Mwanangu, feza zangu zilikuwa humu. Niangalilie zimejificha wapi." Nilifungua. Pochi yake ya kripto ilikuwa pale, yenye rangi za kupendeza, na ndani yake sufuri. Dola 640 za USDT, alizokusanya kidogo kidogo ili alipe mzigo wake unaofuata, zilikuwa zimetoka usiku mmoja kuelekea anwani ambayo mwenyewe hajulikani.

Nikamuuliza nani alimwekea programu ile. Akajibu: kijana wa fotokopi. Nikamuuliza maneno 12 yako wapi. Akanitazama. "Maneno gani? Kijana aliandika vitu fulani ndani ya daftari lake, akasema atanitunzia."

Sisemi kijana ndiye aliyeiba. Daftari lile hukaa juu ya meza ambako nusu ya muji hupita kutafuta fotokopi. Lakini nilipaswa kumwambia mama ukweli: feza hizo hazirudi. Hakuna ofisi ya kwenda kulia, hakuna namba ya kupigia, hakuna jaji wa Kasongo wala wa Kindu anayeweza kuagiza zirudishwe kesho. Na tangu siku ile ya kwanza zilipoingia, hazikuwa zake peke yake.

Ninaandika haya kwa sababu swali linazidi kuja. Wachuuzi, wanegosia wa zahabu, vijana wenye ndugu Ulaya na Marekani, wote wanauliza: kati ya pochi hizi za kuweka ndani ya kompyuta, ipi ni salama na ipi ni rahisi? Ni swali zuri, lakini linaanzia katikati. Jina la programu ni jambo la tatu. La kwanza ni nani anashika maneno. La pili ni mashini ni ya nani.

Watu wetu si wajinga

Kuna wanaosema kripto ni ujinga wa vijana. Mimi sikubali. Mtu wa Maniema ana sababu zake za kutafuta pahali pengine pa kuweka jasho lake.

Wazee wetu wanakumbuka tarehe 25 Desemba 1979. Siku ya Noeli Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, kwa kiasi chenye mpaka. Aliye mbali na banki, aliyeficha feza zake ndani ya mtungi au chini ya kitanda, alibaki na makaratasi. Kisha mwaka 1993 ikaja zaire mpya: milioni 3 za zamani kwa 1 mpya. Tangu hapo mtu wetu anaamini dola. Lakini hata dola ina mateso yake: ikiwa na kitobo kidogo kama kichwa cha sindano, sokoni wanaikataa.

Na banki? Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma, banki zilifunga milango. Watu waliokuwa na mshahara na akiba ndani yake walikaa miezi bila kuweza kuzitoa pale pale muji wao. Sisi wa Kabambare banki iko mbali nasi hata siku za amani, na kubeba feza mkononi katika barabara zetu ni kujipeleka mwenyewe kwa wenye bunduki. Waliokimbia Salamabila wakati wa mapigano wanajua maana ya kutoka nyumbani na nguo za mwilini tu.

Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kuna feza unayoweza kuvuka nayo mto, mpaka na kizuizi cha askari bila kuibeba mfukoni, lazima asikilize. Hata nchini mwetu jambo hili si geni: Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba bitcoin huko Luviro, Kivu ya Kaskazini, kwa umeme wa maji yake. Ninachokataa ni kuingia ndani ya nyumba hii bila kujua mlango wake unafungwa namna gani.

Si kama M-Pesa

Watu wengi wanafikiri pochi ya kripto ni kama M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Hapo ndipo kosa linaanzia.

Ukipoteza telefone yenye M-Pesa, unakwenda na kadi yako ya mchaguzi, wanakutengenezea SIM nyingine, feza zako ziko pale. Kampuni inajua jina lako. Ukikosea namba unaweza kukimbilia kabini na kulalamika, na mara nyingine unasaidiwa.

Katika pochi ya kripto hakuna anayekujua. Feza zenyewe hazimo ndani ya mashini. Zimeandikwa katika daftari kubwa ambalo kompyuta nyingi duniani zinalitunza pamoja. Pochi inatunza ufunguo tu, ule unaokuruhusu kusema "hizi ni zangu, zipeleke kwa fulani." Na ufunguo ule wote umefupishwa katika maneno 12, mara nyingine 24, ambayo programu inakuonyesha siku ya kwanza. Mashini ikiibiwa, ikiungua au ikianguka Luama, unanunua nyingine, unaingiza maneno yale, na feza zako zinaonekana tena. Lakini mtu mwingine akiyajua maneno hayo, hata akiwa Kinshasa au China, anaweza kufanya vilevile bila kuigusa mashini yako.

Ndiyo sababu nasema: aliyekuandikia maneno hayo ndani ya daftari lake ndiye mwenye feza zako. Wewe ni mgeni ndani ya pochi yako mwenyewe.

Hata wakubwa walilia kwa jambo hili. Mwaka 2014 soko la bitcoin lililoitwa Mt. Gox, huko Japani, lilianguka, na watu waliowaachia wengine funguo zao wakangoja miaka kumi kuona sehemu ya mali yao. Mwezi wa 11 mwaka 2022 ikawa zamu ya FTX. Walioanguka nazo walikuwa wamesoma sana, wenye mawakili. Sisi tuna nani?

Majina ya pochi, na ninavyoyapima

Sasa tuje kwa programu zenyewe. Sitaji zote, nataja zile ambazo watu hapa huniuliza.

Bitcoin Core ndiyo ya asili. Ni salama sana, lakini inashusha daftari lote la bitcoin, zaidi ya giga 600. Kwa mega tunazonunua huku, na rezo inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, tuiache kwa wenye uwezo.

Electrum ipo tangu 2011. Ni ndogo, inafunguka upesi hata katika mashini ya zamani, haishushi daftari lote, na maandishi yake ya ndani yako wazi ili wenye ujuzi wayachunguze. Inashika bitcoin tu. Sura yake ni kavu, kama fomu ya serikali. Wengi wanaikimbia kwa sababu hiyo. Mimi ndiyo naipenda.

Sparrow nayo ni ya bitcoin tu, na maandishi yake yako wazi. Inaonyesha mambo mengi kwa anayetaka kuelewa. Ni nzuri kwa aliyekwisha kuzoea, si ya kuanza nayo.

Exodus ni ile yenye rangi nzuri, na inashika aina nyingi za kripto. Mtu anaielewa katika nusu saa. Lakini maandishi yake hayako wazi yote, basi unamwamini mtengenezaji kwa neno lake. Atomic Wallet nayo ilipendwa kwa urahisi wa namna hiyo, mpaka mwezi wa 6 mwaka 2023 wakati watumiaji wake walipoibiwa makumi ya mamilioni ya dola kwa siku chache.

Hapa wachuuzi watanijibu: "Wewe unatusifia Electrum, lakini sisi tunafanya na USDT, si bitcoin." Ni kweli, na ni jibu la haki. Bei ya bitcoin ilikuwa karibu dola 69.000 mwezi wa 11 mwaka 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17.000. Mwenye kulipa mzigo hawezi kulala juu ya kitu kinachoruka hivyo. USDT inafuata dola, na aliye Dubai au Guangzhou anaipokea. Kwa mchuuzi wa namna hiyo, Electrum haifai kitu; atalazimika kuchukua pochi inayoshika aina nyingi. Achukue, lakini ajue mambo mawili. La kwanza: kutuma USDT kwa njia ya Tron kunataka uwe na TRX kidogo ya kulipia safari, wengi hukwama wakiwa na dola 300 wasizoweza kuzisogeza. La pili: kampuni inayotoa USDT ina uwezo wa kufunga anwani. Basi USDT ni ya kupitisha biashara. Si ya kuwekea mahari ya mtoto.

Urahisi ni wa siku ya kukimbia

Watu wanapima urahisi kwa rangi na vifungo. Mimi ninaupima kwa swali moja: siku ile ukikimbia, ukaacha mashini, utaweza kuzirudisha feza zako huko unakokwenda?

Kuna jaribio ambalo halitaki masomo makubwa. Weka ndani ya pochi mpya kitu kidogo, dola 3 au 5. Andika maneno yako. Kisha futa pochi ile ndani ya mashini. Ndiyo, ifute. Halafu irudishe kwa karatasi yako peke yake, bila kumuuliza mtu. Zile dola 5 zikionekana tena, umeelewa. Zisipoonekana, umepoteza dola 5 na umejifunza somo ambalo mama wa vitenge alililipia 640. Pochi ambayo umeshindwa kuirudisha mwenyewe si rahisi, hata kama ina picha nzuri namna gani.

Karatasi nayo ina mambo yake huku kwetu. Mchwa wanakula, mvua inalowesha, nyumba za majani zinaungua. Andika nakala mbili, ziweke nyumba mbili, moja kwa mtu wa damu ambaye hata ukigombana naye hawezi kukuuza. Usipige picha kwa telefone. Usijitumie kwa WhatsApp. Usiyachape ndani ya mashini ya fotokopi. Maneno haya hutoka katika orodha ya maneno 2.048, mara nyingi ya Kiingereza. Orodha ya Kifaransa ipo pia, lakini si kila pochi inaikubali, na ya Kiswahili haimo katika zile zinazotumika. Kwa hiyo mama asiyesoma Kiingereza anakili herufi moja moja, polepole, kisha anasoma tena. Herufi moja ikikosewa, kunaweza kuwa na usiku mrefu wa kutafuta.

Na kuna jambo tusilopenda kusema: kifo. Mume akifa na maneno yako kichwani mwake peke yake, feza zinazikwa naye. Mjane hatazipata hata aende kwa chefu, kwa padri, kwa imamu na kwa gavana. Mwenye pochi amwambie angalau mtu mmoja wa nyumba yake karatasi iko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mashini ni ya nani?

Tuseme umechagua vizuri. Sasa iangalie mashini.

Mashini nyingi huku zinakuja zimekwisha kutumika. Zina Windows ya kunakili, na zinapokea kle za USB zilizopita katika sekretaria zote za muji. Kuna virusi vyenye kazi moja tu: unanakili anwani ya mtu unayetaka kumlipa, unaibandika, na virusi vinaiweka anwani nyingine pahali pake. Anwani ni ndefu, hakuna anayeisoma yote. Unabonyeza, feza zinakwenda kwa mwizi. Dawa yake ni kulinganisha herufi za mwanzo na za mwisho kila mara, na kutuma kiasi kidogo kwanza.

Kuna hata ujanja unaopitia programu nzuri. Mwishoni mwa mwaka 2018 watumiaji wa Electrum waliona ujumbe ndani ya pochi yao ukiwaambia washushe toleo jipya. Ujumbe ulitoka kwa wezi. Walioshusha walipoteza zaidi ya bitcoin 200 kwa jumla. Kwa hiyo programu haichukuliwi kwa kle ya rafiki, wala kwa kiungo cha kundi la WhatsApp, wala kwa tangazo la kwanza linalotokea unapotafuta. Inachukuliwa kwa mtengenezaji mwenyewe, na sahihi yake inahakikishwa. Kama hujui kuhakikisha sahihi, mwombe anayejua akufundishe mbele ya macho yako, na maneno 12 uyaandike yeye akiwa nje ya chumba.

Na mashini ya watu wengi? Hapo sina maneno laini. Usiweke pochi ndani ya mashini ya fotokopi, ya ofisi, ya masomo, wala ya shemeji. Hata Electrum, hata Sparrow. Kama huna mashini yako peke yako, telefone yako ya Android yenye neno la siri ni afadhali kwa kiasi kidogo, kwa sababu ndani yake programu moja haiingii kirahisi katika mambo ya nyingine. Najua hili linapunguza sifa za pochi ya kompyuta ninayoizungumzia. Lakini kompyuta ya pamoja ni kama nyumba ya kulala wageni: kila mmoja aliwahi kushika ufunguo wake.

Mwenye kushika maelfu ya dola, kama wanegosia wengine, anunue kifaa kidogo kinachotunza ufunguo nje ya kompyuta, kama Trezor au Ledger. Bei yake ni makumi kadhaa ya dola. Kifaa hicho kinachukuliwa kipya, kwa mtengenezaji. Kilichofunguliwa kabla, au kinachokuja na maneno yaliyokwisha kuandikwa, ni mtego.

Wajibu wetu

Wengine watasema: basi tuwaambie watu waachane nayo kabisa. Jamhuri ya Afrika ya Kati iliifanya bitcoin kuwa feza halali mwezi wa 4 mwaka 2022, kisha mwaka uliofuata ikaliacha jambo hilo. Lakini kukataza hakutamfikia mchuuzi wa Kabambare ambaye mtu wake wa Dubai anamwambia "nitumie USDT." Ataituma tu. Swali ni kama ataituma akiwa anaona au akiwa kipofu.

Kuna na wale wanaokuja na pochi mkononi na ahadi mdomoni: weka 100, mwezi ujao chukua 200. Waliokuwa Kinshasa mwaka 1991 wanakumbuka Bindo, na namna watu walivyouza vitu vya nyumbani ili waweke feza zao humo. Pochi haizai. Pochi inatunza. Anayekuambia inazaa, anatafuta maneno yako 12 au feza zako, au vyote viwili.

Kwa hiyo ninawaomba vijana wetu wa fotokopi na wa kabini: mtu akija kuomba msaada, msimwandikie maneno yake. Mpeni kalamu, geukeni upande mwingine. Mkifanya hivyo mtajilinda wenyewe pia, maana siku feza zikipotea, mtu wa kwanza kushikwa ni yule aliyekuwa na daftari. Ninawaomba walimu wa informatike wa Kasongo na Kabambare watenge saa moja kwa jambo hili. Parokia, misikiti na vyama vya wamama wauza soko vina vikao kila juma. Saa moja na karatasi inatosha.

Mama wa vitenge alirudi kwangu. Hakutaka kusikia habari ya kripto tena, na mimi sikumlazimisha. Ila mtoto wake wa kike aliyekuja naye aliomba kalamu, akauliza pole pole: "Haya maneno, mtu anayaandika namna gani?" Nilimwonyesha kwa pochi yenye dola 3. Aliandika mwenyewe, akaifuta, akairudisha. Kisha akakunja karatasi yake, akaiweka kifuani, na hakunionyesha ilichoandikwa.

Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.